Nakala za mafuvu ya zamadamu na umuhimu wake katika elimu ya mageuko

NAKALA ya fuvu ni kifani kilichotengenezwa ili kulingana na fuvu la asili kwa ukubwa, umbo na hata rangi. Visukuku vya zamadamu ni adimu na huvunjika upesi. Kwa sababu hiyo, mafuvu yenyewe huhifadhiwa katika vyumba maalum, nazo nakala hutumika madarasani na katika maonyesho.

Kwa kawaida fundi huimarisha kwanza sehemu dhaifu za kisukuku, kisha hukipaka mpira wa silikoni ungali majimaji. Mpira ukikauka hubanduliwa ukawa kalibu, na ndani yake humiminwa plasta au resini. Siku hizi nakala nyingine huchapishwa kwa mashine kutokana na picha za tarakilishi.

Humu nchini, fuvu mojawapo lililo mashuhuri ni KNM-ER 1470, ambalo vipande vyake viligunduliwa na Bernard Ngeneo huko Koobi Fora, Turkana, mwaka wa 1972. Vipande zaidi ya 150 viliunganishwa. Fuvu hilo lina umri wa takriban miaka milioni 2, na nafasi ya ubongo wake ni kama sentimita 750 za ujazo.

Mwanafunzi akiiweka nakala yake kando ya ile ya Zinjanthropus, aliyegunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai, Tanzania, mwaka wa 1959, ataziona tofauti papo hapo. Zinjanthropus ana magego makubwa mno na ukingo wa mfupa utosini ulioshikilia misuli ya taya, ilhali ubongo wake ulikuwa mdogo zaidi. Jamii zote mbili ziliwahi kuishi wakati mmoja Afrika Mashariki. Hivyo basi, mageuko hayakufuata mstari mmoja.

Thamani ya nakala ilidhihirika nchini China. Mafuvu ya Zhoukoudian, karibu na Beijing, yalitoweka mwaka wa 1941 wakati wa vita. Kilichosalia kwa wataalamu ni nakala, picha na maelezo ya Franz Weidenreich.

Hata hivyo, nakala huonyesha sura ya nje tu. Haiwezi kupimwa umri, na sehemu zilizozibwa kwa plasta zaweza kudhaniwa kuwa mfupa. Kwa uamuzi wa mwisho, mtafiti hana budi kulirejelea fuvu la asili.