Makaburi Yalibomolewa, Vina Vikabaki: Historia ya Watunzi wa Pwani ya Kismayu na Barawa

Mwaka 2008, Al-Shabaab walipoushika mji wa Kismayu, makaburi ya masheikh wa tariqa yalianza kubomolewa. Baadaye ilifika zamu ya kaburi la Sheikh Uways al-Barawi, kule Biyooley. Tangu hapo, mazungumzo mengi kuhusu urithi wa pwani ya kusini ya Somalia yamekuwa ya mawe: kuba lipi limeanguka, ukuta upi umesalia. Lakini miongoni mwa waliozikwa chini ya mawe hayo walikuwamo watunzi, na utungo hauvunjwi kwa sururu. Njia ya kuuua ni nyingine, na hiyo bado inaendelea.

Pwani hii ina Waswahili wa pande mbili. Kuanzia Kismayu kushuka kusini, kupitia visiwa vya Koyama, Chovai na Chula mpaka Kiunga na visiwa vya Lamu upande wa Kenya, ni maskani ya Wabajuni, wasemao Kitikuu. Kaskazini ya Kismayu uko mji wa Barawa, ambao watu wake husema Chimwiini. Pande zote mbili zilirithi desturi moja: jambo zito husemwa kwa mizani na vina.

Sababu yake inaonekana mtu akiushika ubeti mkononi. Huu nimeutunga hapa kwa mfano tu:

Nahodha tweka matanga,
kusi lavuma Kiunga,
moyo usiwe mchanga,
safari itatimia.

Kila kipande kina mizani minane. Vitatu vya mwanzo vinafunga kwa kina kimoja, na cha nne kinatoa kina ambacho utenzi mzima utakirudia, hata ukiwa na beti elfu. Sasa msomaji akosee, aseme “kusi lavuma Lamu.” Mizani inapungua, kina kinavunjika, na hata mtoto aliyekaa barazani atainua kichwa. Umbo lenyewe ndilo mlinzi wa maneno. Na kile kipande cha nne, kinaporudi na sauti ileile kila mara, humfanya msikilizaji ajue kwamba hoja imefika bandarini kabla ya nyingine kuanza.

Wabajuni walikuwa na maumbo yao ya kazi. Vave, ambayo wengine huiita wawe, iliimbwa na wakulima usiku wa kuamkia siku ya kuuchoma msitu waliokwisha kuufyeka. Kimai ulikuwa wimbo wa bahari, wa wavuvi na mabaharia. Hapa maana haikukaa katika maneno pekee. Ilikaa pia katika saa ya kuimba, katika kiongozi aliyetoa na kundi lililopokea, katika moto uliongojewa kesho yake. Na mshairi wa pwani alijua tangu kale kwamba wimbo unaweza kubeba siri. Fumo Liyongo, kwa masimulizi ambayo Muhamadi Kijuma wa Lamu aliyatungia utenzi mwaka 1913, akiwa gerezani alimwimbia kijakazi Saada ujumbe wa kumpelekea mamake: apike mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Askari walisikia wimbo, mama akasikia agizo. Kishindo cha ngoma ya gungu ndicho kilichofunika sauti ya tupa ikikata pingu.

Mwaka ambao ushairi wa pwani hii uligharimu damu ni 1909.

Sheikh Uways alizaliwa Barawa mwaka 1847, akasoma Baghdad kwenye kitovu cha tariqa ya Qadiriyya, kisha akarudi na kuieneza bara na pwani, hadi Unguja alikopokewa vizuri na Sayyid Barghash. Wakati huo huo kaskazini alikuwako Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, kiongozi wa Madarwishi, mfuasi wa tariqa ya Salihiyya na bingwa wa gabay, ushairi wa Kisomali. Waligombana juu ya dini, hasa kuhusu kuwaomba mawalii waliokufa wawe wasita kwa Mungu. Silaha ya kwanza ya ugomvi huo ilikuwa beti. Uways alitunga qasida ya Kiarabu akiwashutumu wafuasi wa Sayyid kwamba wamepotea. Sayyid naye hakuwa mtu wa kunyamaza.

Tofauti ya maumbo inafaa kutazamwa. Mshairi wa Kiswahili hufunga mwisho wa kipande kwa kina; mshairi wa gabay hufunga mwanzo wa maneno, kwa kuwa kila mstari lazima uwe na neno linaloanza kwa sauti moja iliyochaguliwa tangu mwanzo wa shairi. Mmoja hutuliza sikio linapofika ukingoni, mwingine hulipiga mfululizo kama anayegonga mlango. Katika mikono ya Sayyid, kugonga huko kulikuwa vita kamili: wafugaji walikariri mashairi yake na kuyasafirisha haraka kuliko jeshi lolote. Aprili 1909 Madarwishi walimvamia Sheikh Uways huko Biyooley wakamuua. Husimuliwa kwamba habari zilipomfikia Sayyid, alishangilia kwa beti.

Mwaka huo huo Barawa ilifiwa na mwanachuoni wake mwingine, Sheikh Nurein Ahmed Sabir, na safari hii aliyesimama kutunga alikuwa mwanamke mzee. Mana Sitti Habib Jamaluddin, ambaye mji wote ulimwita Dada Masiti, alikuwa na historia ya machungu. Masimulizi yake yana njia mbili: wengine husema alitekwa akiwa mtoto akapelekwa Unguja, wengine husema alitoroka na mchumba aliyekataliwa na jamaa zake, wakaenda Pate, na ndoa ikamwendea vibaya. Njia zote mbili hufika mahali pamoja. Jamaa zake walimpata baada ya miaka mingi wakamrudisha Barawa, naye akaelekea kwenye ibada na elimu. Mwanahistoria Mohamed Kassim, aliyeandika juu yake kwa kina, anamweka katikati ya kazi ya kuieneza dini mjini humo.

Husimuliwa kwamba Sheikh Nurein alimwendea kumuaga akijua siku zake zimekaribia, na kwamba Dada Masiti akamtungia maombolezo. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa wa lugha. Wanachuoni wa Barawa walikuwa na Kiarabu, na qasida za Kiarabu zilimpa mtunzi heshima. Yeye alitunga kwa Chimwiini. Kwa hiyo mwanamke wa jikoni, mfanyabiashara wa sokoni na kijana asiyefika chuoni walielewa papo hapo. Utungo wake unatoka kwenye msiba wa mtu mmoja na kuwafikia wote kwa wasia kwamba kila aliye hai atakufa. Maombolezo yakawa darsa. Hii ndiyo kazi ya umbo: limeruhusu kilio cha siku moja kukaririwa kwa zaidi ya karne.

Dada Masiti alifariki mwaka 1919. Sheikh Qasim Muhyiddin, aliyeishi kati ya 1882 na 1922, na Mallim Nuri waliendeleza utunzi wa steenzi, kama Wabarawa wanavyoziita tenzi. Kwa kuwa ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kukaririwa majumbani, nyingi zilipona. Mwaka 2018 Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim walizikusanya katika kitabu kilichochapishwa Leiden.

Nyimbo za Wabajuni hazikupata bahati hiyo. Vita vya 1991 viliwafukuza wengi visiwani, wakakimbilia Mombasa na nchi za mbali. Utungo unaoishi ndani ya kazi hufa pamoja na kazi, kwa maana asiye na msitu wa kuchoma hana usiku wa vave.

Na hapa ndipo lawama inapotugeukia sisi. Wanafunzi wa Kenya hukariri “wawe” na “kimai” kama majibu ya mtihani, jina na maana yake kwa mstari mmoja, bila kusikia hata wimbo mmoja ukiimbwa na Mbajuni. Tunalaani waliobomoa makaburi, na ni haki kulaani. Lakini kuba linaweza kujengwa tena kwa mawe na chokaa. Wimbo uliozikwa na mzee wa mwisho aliyeujua haufufuliwi na fundi yeyote. Wazee hao wapo bado, Kiunga, Faza, Kizingitini na mitaa ya Mombasa. Wizara za elimu, vyuo vikuu na idhaa za Kiswahili, pelekeni watu na vinasa sauti sasa, wimbo urekodiwe mzima: anayetoa, wanaopokea na mapigo yao. Kisha urudishwe darasani usikike kabla haujafafanuliwa.