Mabano Mezani pa Mchora Ramani

Kabla ya kompyuta, mchora ramani aliyekosea alishika wembe. Aliukwangua wino taratibu, akalainisha mahali palipokwanguliwa, kisha akachora upya. Mhandisi akibadili unene wa nguzo mia, basi nguzo mia zilingoja wembe. Ndiyo maana wengi walioipokea kompyuta katika vyumba vya uchoraji waliidhania kuwa ni ubao wenye kasi na wembe usiochoka. Dhana hiyo ilikuwa finyu, na ufinyu wake unaonekana vyema katika historia ya programu ndogondogo ambazo wachoraji walijiandikia wenyewe.

Aliyelitambua jambo hili mapema ni Ivan Sutherland, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1963 aliwasilisha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta iitwayo TX-2. Wasimulizi aghalabu huisifu kalamu. Lakini ajabu kubwa zaidi ilikuwa ndani: umbo moja liliweza kuwa asili, na mengine yakawa nakala zake, asili likirekebishwa, nakala zote zikafuata. Mchoro haukuwa wino tena, bali maelezo juu ya umbo. Hata hivyo, TX-2 ilikuwa mtambo wa maabara, na mchora ramani wa kawaida hakuwa na njia ya kuufikia.

Miaka ikapita hadi 1982, ilipoundwa kampuni ya Autodesk huko California, John Walker akiwa miongoni mwa waasisi wake. Mwezi Novemba mwaka huohuo waliionesha AutoCAD katika maonesho ya Las Vegas, ikichora kwenye kompyuta ndogo za mezani. Tatizo likajitokeza punde. Mchoraji wa mabomba ana haja zake, mpima viwanja ana zake, na mjenzi wa barabara naye ana zake. Hakuna kampuni iwezayo kuyabashiri yote hayo. Dawa waliyoichagua ilikuwa kumpa mtumiaji lugha.

Lugha yenyewe ilitoka mbali. Lisp ilibuniwa na John McCarthy pale MIT mwaka 1958, ikatumiwa sana na watafiti wa akili bandia, watu ambao hawakuwa na shughuli yoyote na nguzo wala mabomba. Jina lake latokana na kazi yake: kuchakata orodha. Kila kitu humo hufungwa ndani ya mabano, na mabano ndani ya mabano, hata wapinzani wake wakaifanyia mzaha usiokwisha. David Betz alitengeneza toleo dogo aliloliita XLISP. Kutokana na hilo Autodesk wakapata AutoLISP, iliyokuwa tayari mikononi mwa wachoraji mwanzoni mwa mwaka 1986.

Hapa msomaji na atulie kidogo, maana ndipo penye kiini. Duara kwenye kioo, likiulizwa kwa amri ya entget, hujibu kwa orodha. Namba 0 hutaja aina ya umbo, 8 hutaja tabaka, 10 hutaja kitovu, na 40 hutaja nusu kipenyo. Amri ya subst hubadilisha kipande kimoja cha orodha hiyo. Entmod huirudisha kwenye mchoro, na duara hunenepa au hukonda papo hapo. Mistari michache ya maandishi yatosha kuzipitia nguzo mia, kuchagua zilizo katika tabaka fulani, na kuzipa zote unene mpya.

Lakini lugha hii haimhurumii mzembe. Namba 40 ambayo katika duara ni nusu kipenyo, katika maandishi ni kimo cha herufi. Programu isiyouliza kwanza namba 0 inaweza kuzikuta herufi za mchoro mzima zimekuwa kubwa kama nguzo. Tena pembe, ambazo mchoraji amezoea kuziandika kwa digrii, ndani ya orodha hukaa kwa radiani. Kwa hiyo aliyetaka kuamrisha maumbo ilimbidi kwanza ajue umbo ni nini, jambo ambalo wembe haukuwahi kumdai.

Wachoraji wakaanza kupeana programu zao. Jarida la Cadalyst lilichapisha zile zilizotumwa na wasomaji, na diski zikapita kutoka ofisi moja hadi nyingine. Ukarimu huo ulikuwa na upenyo wake. Mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya ESET walieleza juu ya kirusi ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa AutoLISP na kuenea hasa nchini Peru, kikituma kwa siri michoro ya watu kwenye anwani za barua pepe huko China. Lugha iliyomwezesha fundi kufikia kila mstari ilimfungulia mwizi mlango uleule. Matoleo yaliyofuata ya AutoCAD yakawa yanamtahadharisha mtumiaji kabla ya kupakia programu kutoka mahali pasipoaminika.

Kizuizi kingine kilikuwa bei. Mwaka 1993 Autodesk walitoa AutoCAD LT, ya gharama nafuu, wakaiondolea AutoLISP. Mwenye LT aliweza kuchora, ila hakuweza kuandika. Ofisi ndogo, ambayo ndiyo hasa iliyohitaji kuokoa saa za kazi, ikabaki kurekebisha nguzo moja baada ya nyingine. Ni vigumu kuuona uamuzi huo kuwa wa kiufundi, maana kompyuta za miaka hiyo zilikuwa na nguvu kuzidi zile za 1986. Watengenezaji wengine, kama wa BricsCAD, waliipokea lugha hiyohiyo katika programu zao. AutoCAD LT yenyewe ilirudishiwa mabano yake mwaka 2023, katika toleo la 2024, baada ya miaka thelathini.