Sauti za Mwanzo Katika Lugha ya Wakisii

Msafiri afikaye Kisii au Nyamira, akaketi karibu na wazee wanaozungumza, hutambua jambo moja hata kama haijui lugha yao. Maneno hufuatana kwa sauti ile ile ya mwanzo. Mtu mkubwa huitwa omonto omonene; wakiwa wengi, ni abanto abanene. Vitabu vikubwa ni ebitabo ebinene. Je, wazee hao wanatunga mashairi?

La, hiyo ni sarufi yao. Jina hutangulia, na maneno yanayolihusu huvaa sare yake. Kiswahili nacho ni ndugu wa lugha hiyo, ndiyo maana twasema vitabu vikubwa vimepotea.

Wageni waliojifunza lugha za namna hii waliistaajabia kawaida hiyo. Mwaka 1834 mmisionari William Boyce alichapisha sarufi ya Kixhosa huko Afrika ya Kusini, akaeleza jinsi maneno yanavyopatana kwa sauti za mwanzo. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek aliziita lugha hizo kwa jina la Bantu. Mkisii hulitambua neno hilo mara moja, kwa kuwa watu kwake ni abanto.

Walakini kupatana huko kuna mpaka. Kitabu kikubwa ni egetabo ekenene, wala si eketabo. Mbele ya t, sauti k hulegea ikawa g; mbele ya n hubaki k. Mwaka 1903 Carl Meinhof aliipa kanuni hiyo jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyeitambua katika Kinyamwezi.

Katika mashairi ya kale ya Kiingereza, kama vile Beowulf, sauti za mwanzo ndizo zilizofunga nusu mbili za mstari, na mtunzi alizitafuta kwa jasho. Msemaji wa Kikisii hupewa nyingi na sarufi, bila ya kuzitafuta. Mshairi wa Kiswahili naye, aliyepewa zawadi hiyo hiyo, aghalabu jasho lake hulimwaga mwishoni, penye vina.

Tusidhani, basi, kwamba zawadi hiyo ni pambo tu. Kabla ya maandishi, sikio ndilo lililokuwa daftari. Aliyesikia aba- ikirudi alijua kwamba habari ingali ya watu wale wale.

Hata jina la nchi latufundisha. Serikali ya kikoloni, iliyoweka kituo chake huko mwaka 1907, ilitumia neno moja, Kisii, na hilo ndilo lililobaki katika ramani. Wenyewe husema Omogusii kwa mtu mmoja, Abagusii kwa wengi, Ekegusii kwa lugha, na Gusii kwa nchi. Kijana anayeziacha sauti hizo za mwanzo kwa kuziona ni mzigo, huacha pamoja nazo njia ya kutofautisha mtu, watu, na lugha yao.