Mirathi: Tuliyoipigania, Je, Twaitekeleza?



Wengi wetu hapa Voi, Taveta na Wundanyi tumesikia kelele za mahakama za Kadhi kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Lakini yako mapambano ya zamani zaidi, nayo yalihusu mambo ya ndani ya nyumba zetu.

Mwaka 1972 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Urithi, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Serikali ilitaka sheria moja kwa Wakenya wote. Watoto wa kiume na wa kike wapate sawa, na mtu awe huru kuusia mali yake yote kwa amtakaye. Waislamu wakasema la! Mafungu yametajwa katika Surat An-Nisaa, na wasia hauzidi thuluthi. Masheikh na viongozi wakapinga mwaka baada ya mwaka, mpaka 1990 sheria ikarekebishwa: Mwislamu akifa, mali yake igawanywe kwa sharia ya Kiislamu.

Alhamdulillah, tulishinda. Lakini jamani, tuambiane ukweli. Desturi ya zamani huku Taita ni shamba kurithiwa na watoto wa kiume. Binti ataolewa, atalima kwa mumewe. Hali aya ya 7 ya sura hiyohiyo yasema wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi.

Basi mzee akifa, dada akitaja usawa wa sheria ya serikali, kaka husema, "Sisi ni Waislamu." Dada akidai fungu lake la sharia, kaka huyohuyo husema, "Sisi ni Wataita." Hiyo ni dini au tamaa?

Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kuwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba Mwislamu. Masheikh wakapinga, mjadala ukawaka upya. Ni haki yetu kuitetea sharia. Lakini tutaiteteaje mbele ya watu, na dada zetu nyumbani hawajaionja?

Kijana, Ramadhani hii baada ya futari muulize baba kwa adabu: shangazi alipata fungu lake? Kama bado, deni hilo lilipwe kabla ya Idd.

Wabillahi tawfiq.