Dawa ya Malale na Jiko la Mdudu

Neno malale halina haja ya kufasiriwa kwa watu wa Uvira. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 ugonjwa huo ulishika ukingo wa kaskazini wa Ziwa Tanganika, upande wa Uvira na upande wa Usumbura pia. Mbung'o hukaa vichakani karibu na maji, pale pale mvuvi afungapo mtumbwi wake na mama achotapo maji. Basi, nani angeweza kumwepuka?

Mwaka 1903, huko Entebbe, daktari David Bruce alionyesha ya kuwa mbung'o ndiye amtiaye mtu mdudu mdogo sana aitwaye tripanosoma. Mwaka uo huo Dutton na Todd, madaktari wa Liverpool, waliingia Kongo kuuchunguza ugonjwa. Dutton alifariki Kasongo mwaka 1905, si kwa malale, bali kwa homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza.

Dawa ilipatikana: atoksili, yenye aseniki ndani yake. Robert Koch aliwadunga wagonjwa wa visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907. Wengi walipata nafuu. Baadhi yao wakapofuka kabisa. Sisi twaona kwamba dawa hiyo haikukosa nguvu. Ilikosa njia. Ilikwenda kwa mdudu, ikaenda na kwa macho ya mtu.

Pentamidini, iliyotumika sana Kongo tangu miaka ya 1940, yajua njia zaidi. Ndani ya tripanosoma mna mitokondria moja tu, ndiyo kama jiko lake, na katika jiko hilo mmefungwa maelfu ya pete ndogo za urithi, zimeshikana kama mnyororo. Ndani ya mitokondria mna umeme hasi; pentamidini ina umeme chanya. Kwa hiyo huvutwa mpaka humo, hurundikana, na kuzishika pete zile. Mwaka 2012 wataalamu walieleza na mlango wake: ni tundu katika ngozi ya mdudu lipitishalo maji na gliserini. Mdudu akilipoteza tundu hilo, dawa nyingi hubaki nje.

Lakini njia hiyo nayo ina mwisho. Malale ikishapanda ubongoni, pentamidini haiifuati vya kutosha. Kwa muda mrefu wagonjwa hao walidungwa melasoprolo, aseniki tena, nayo iliua kama 5 katika kila 100. Tufikiri jinsi ndugu walivyoketi kando ya kitanda wakati ule, wakijua habari hiyo.

Mwaka 2018 Kongo ilikubali feksinidazoli, vidonge vya siku 10, vilivyojaribiwa hasa nchini humo humo. Hivyo hufika ubongoni. Navyo huingia kwa mdudu bila ukali mkubwa. Ni kimeng'enya kilichomo katika jiko lake mwenyewe, ambacho mwanadamu hana, kinachovigeuza kuwa sumu.