Kutoka Kibatari Hadi Swichi: Historia ya Mwanga wa Nyumbani Hapa Tabora, na Kosa Lililonifundisha

Mmezoea kusoma hapa habari za mbegu, chanjo ya kideri na wakati wa kupanda karanga. Leo tutoke shambani tuingie ndani ya nyumba. Wakati wa mavuno wengi wetu hupata fedha kidogo, na kazi ya kwanza huwa kurekebisha nyumba: rangi, bati, na swichi za taa zilizochakaa. Ndiyo maana nimeona niandike sasa.

Nianze kwa kukiri kosa. Mama yangu mkubwa ana nyumba ya zamani hapa Gongoni. Swichi ya sebuleni ilikuwa imelegea na inatoa cheche. Nikanunua mpya dukani, nikazima meni swichi, nikafungua ile ya zamani, nikaunga waya mbili kama nilivyozikuta. Nikawasha. Taa ikawaka. Nikazima, ikazima. Nikanywa chai ya mama mkubwa na kusifiwa.

Wiki mbili baadaye balbu iliungua. Mjukuu wake akazima swichi, akapanda kwenye kigoda, akashika holda. Umeme ukampiga, akaanguka, akavunjika mkono. Swichi ilikuwa imezimwa! Mkono umepona, lakini swali la mama mkubwa liliniuma: "Mwanangu, si ulisema imekaa vizuri?"

Nilimfuata mzee mmoja fundi mstaafu hapa mtaani anieleze. Hakuanza na waya, alianza na historia. Nami nitapita njia hiyo hiyo.

Mwanga wa tembe na misafara

Tabora ilikuwa mji mkubwa kabla ya umeme kufikiriwa. Misafara ya pembe za ndovu ilikutana hapa ikitoka Bagamoyo kuelekea Ujiji. Burton na Speke walifika Novemba 1857, wakati mji ukiitwa Kazeh. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, kwenye tembe ambalo wanafunzi wetu bado wanapelekwa kulitazama. Tembe lina kuta nene za udongo na madirisha madogo, hivyo ndani ni giza hata mchana. Mwanga ulitoka kwenye moto wa jikoni, kijinga cha kuni, au utambi uliochovywa kwenye mafuta ya mimea kama mbarika.

Kisha yakaja mafuta ambayo mpaka leo tunayaita kwa kazi yake: mafuta ya taa. Yalikuja yamefungwa kwenye makopo ya bati ya galoni nne. Mafuta yakiisha kopo halikutupwa, lilipimia nafaka. Ndugu mkulima, hilo ndilo debe. Kila unapouza debe la mahindi unatumia kipimo kilichoachwa na biashara ya taa.

Pamoja na mafuta hayo zikaja taa zake: kibatari cha maskini, chemli yenye kioo, na karabai ya kupampu iliyoangaza harusi na maduka. Zote zilikuwa na tabia moja njema: ukizima, umezima kweli. Moto ukifa hakuna kilichobaki cha kukupiga. Tulipopata umeme tulibaki na maneno yale yale, washa na zima, tukadhani na mambo ni yale yale. Hapo ndipo hatari ilipoingilia.

Umeme unafuata reli

Huduma ya umeme Tanganyika ilianza Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi wakoloni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya vita Waingereza wakachukua nchi, na mwaka 1931 umeme ukakabidhiwa kwa kampuni mbili binafsi. TANESCO ya wakati ule ililenga upande wa Tanga na maporomoko ya Pangani. Nyingine, DARESCO, ilichukua Dar es Salaam na miji ya reli: Dodoma, Tabora na Kigoma. Huku kwetu ilikuwa mitambo ya dizeli.

Umeme huo haukuwa wa kila mtu. Ulikuwa wa ofisi, stesheni, nyumba za wakubwa na baadhi ya maduka. Mtaani watu waliendelea na chemli.

Baada ya uhuru Serikali ilianza kununua hisa za kampuni hizo mwaka 1964, na baadaye zikawa TANESCO moja tunayoijua. Mwaka 1975 Kidatu ikaanza kufua umeme wa maji, na gridi ikapanuka hadi kufika huku magharibi. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ikazaa REA, iliyoanza kazi mwaka 2007. Leo bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Nguzo zimefika vijiji ambavyo miaka 20 iliyopita nilivijua kwa vibatari tu.

Swichi yenyewe ilitoka wapi?

Umeme wa majumbani ulipoanza Ulaya na Marekani, shida ilikuwa kuukata. Ukitenganisha vyuma viwili polepole, umeme huruka katikati yake kama radi ndogo na kuunguza vyuma. Mwaka 1884 Mwingereza John Henry Holmes wa Newcastle alibuni swichi inayoachana kwa ghafla ili cheche isipate muda wa kukaa. Ule mlio wa "tak" unaousikia ukizima taa ndio kazi ya wazo hilo. Swichi isiyolia tena, inayolegea na kusimama katikati, imepoteza kinga hiyo. Ibadilishwe.

Swichi za mwanzo zilikuwa za kauri na shaba. Kisha Leo Baekeland akatengeneza bakelaiti mwaka 1907, kitu kigumu cheusi au kahawia kisichopitisha umeme. Nyumba za zamani za reli na serikali zilikuwa na swichi hizo za duara, zimefungwa juu ya kibao cha mbao. Kibao hicho hakikuwa pambo. Ukuta wa udongo haushiki skrubu, mbao inashika. Mwenye nyumba ya tofali za udongo asidharau kibao: swichi inayoning'inia inavuta waya, waya inalegea, inapata joto, na moto unaanzia hapo.

Kwa Waingereza kubonyeza chini ni kuwasha, juu ni kuzima, na sisi tulirithi hivyo. Wamarekani wamegeuza. Ukikuta swichi moja nyumbani imegeuka, huenda aliyeifunga aliiweka kichwa chini. Ni dalili ya kuangalia na mengine aliyofanya.

Rangi za waya: urithi unaochanganya

Sasa turudi kwa mama mkubwa. Taa inahitaji waya mbili: laivu inayoleta umeme na nyutro inayourudisha. Swichi ikikata yoyote kati ya hizo, taa itazima. Lakini ikikata nyutro, laivu inabaki imesimama kwenye holda, volti 230, inamsubiri mtu. Hicho ndicho kilichompata mjukuu. Aliyefunga nyumba zamani alipitisha nyutro kwenye swichi, nami nikabadilisha swichi bila kubadilisha kosa. Kwa macho huwezi kujua, maana inawaka na inazima.

Mbona hakuna aliyegundua? Waya za zamani zilifunikwa mpira na kitambaa, na miaka ikipita zote huwa rangi moja ya vumbi. Baadaye ukaja utaratibu wa Kiingereza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani ardhi. Kisha ukaja wa siku hizi: kahawia laivu, bluu nyutro, kijani na njano ardhi. Nyumba iliyoongezwa chumba kila baada ya mavuno mazuri inaweza kuwa na zote tatu.

Kuna mtego mwingine. Kwenye swichi iliyofungwa sawasawa kwa kebo ya zamani, nyekundu inaleta umeme na nyeusi inaupeleka kwenye taa. Hivyo nyeusi hiyo si nyutro, ni laivu pindi swichi ikiwashwa. Rangi ni dokezo. Tesita ndiyo shahidi.

Unapotaka kubadilisha

1. Zima meni swichi, siyo swichi ya taa. Waambie wa nyumbani, maana mtoto akirudi toka shule akakuta giza atawasha.

2. Jaribu tesita mahali unapojua pana umeme, kisha kwenye waya za swichi, kisha rudi pale pa kwanza. Tesita iliyokufa huonyesha usalama usiokuwepo.

3. Piga picha waya zilivyokaa kabla ya kufungua. Swichi ya njia moja ni rahisi. Ya njia mbili, ile ya koridoni inayowashwa pande zote, ina waya tatu, na ukichanganya itagoma.

4. Kata ncha iliyoungua, menya upya, kaza skrubu, kisha vuta waya kidogo kuhakikisha. Shaba isionekane nje. Kama boksi ni la chuma, waya wa ardhi uungwe.

5. Hakiki kwamba swichi inakata laivu. Hapa ndipo nilipokosea. Kipimo hiki kinafanywa umeme ukiwepo, hivyo mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Gharama yake ni ndogo kuliko ya plasta ya mkono.

Dalili moja unaweza kuiona mwenyewe: balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu usiku ingawa swichi imezimwa. Wakati mwingine sababu ni kile kitaa kidogo kilichomo ndani ya swichi. Lakini kama swichi haina kitaa, shuku kwamba inakata nyutro.

Unapotaka kuboresha

Soma maandishi nyuma ya swichi. Nyingi za taa ni za ampea 6 au 10. Balbu ya LED ya wati 9 haifikishi hata ampea 0.05, lakini jiko la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Usiunge jiko wala pasi kwenye waya wa taa. Swichi yenye joto ukiigusa, au harufu ya plastiki, ni kilio. Usisubiri moshi.

Swichi ya bafuni iwekwe nje ya mlango. Na kwa wafugaji wangu: banda la vifaranga lina vumbi, unyevu na mara nyingi panya. Swichi ya sebuleni haifai humo. Weka ya nje yenye kifuniko cha kuzuia maji, na waya upite ndani ya paipu. Taa ya kutunza joto huwaka usiku kucha juu ya maranda makavu, na muungo mmoja uliolegea unatosha kuteketeza banda zima.

Kwa mama mkubwa tumemaliza. Fundi alifuata waya hadi darini, akahamisha laivu ikapita kwenye swichi, akakagua vyumba vyote. Vyumba viwili kati ya vinne vilikuwa na kosa lile lile. Mjukuu sasa anabadilisha balbu tena, ila kwanza anakwenda kuzima meni swichi, na bibi yake anasimama pale pale kuilinda mpaka ashuke kwenye kigoda.

Jioni hii washa taa zako, kisha zima moja moja na usikilize kila swichi. Ile isiyosema "tak", anza nayo.