Roboti Ghalani: Historia ya Mtambo na Upatanisho wa Jina Lake

Wafasiri wanaoshughulikia hati za bandari, maghala na biashara hukutana mara nyingi na neno roboti, na mara walikutapo huingia katika matatizo mawili. La kwanza ni kwamba neno hilo moja hutumiwa kwa mitambo iliyo mbalimbali kabisa kwa umbo na kwa kazi. La pili, ambalo tunaliona kuwa kubwa zaidi ingawa halizungumzwi sana, ni la upatanisho wa kisarufi. Mmoja huandika "roboti anabeba rafu", mwingine huandika "roboti inabeba rafu", na wakati mwingine mwandishi yule yule huandika yote mawili katika ukurasa mmoja. Katika hadithi ya watoto jambo hilo haliwezi kumdhuru mtu. Katika taarifa ya ajali kazini, au katika mkataba wa kununua mitambo, laweza kudhuru. Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya mitambo ya kuweka na kutoa mali ghalani, pamoja na historia ya jina lake, ili tuone kama historia hiyo yaweza kutusaidia kukata shauri.

Tuanze na jina. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alichapisha tamthilia iliyoitwa R.U.R., yaani Rossumovi Univerzální Roboti, nayo ikachezwa mjini Prague mwaka 1921. Čapek mwenyewe alieleza baadaye kwamba neno hilo alipewa na ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji. Yeye alikuwa amefikiria kwanza neno lenye asili ya Kilatini lenye maana ya kazi. Josef alilichukua kutoka katika robota, neno la Kicheki lililotaja kazi ya lazima ambayo wakulima walimfanyia bwana mwenye ardhi. Kiswahili kinalo neno la jambo hilo hilo, nalo ni shokoa. Kama tamthilia ile ingalifika pwani yetu moja kwa moja kutoka Prague bila kupitia Kiingereza, huenda mfasiri wake angalitafuta jina lake karibu na neno hilo. Hatusemi kwamba roboti liachwe sasa, kwani limekwisha kukaa vinywani mwa watu kama kompyuta lilivyokaa mbele ya tarakilishi na ngamizi. Twataka ikumbukwe tu kwamba neno hili lilizaliwa likiwa neno la watumwa, na wala halikuwa neno la vyuma.

Roboti wa Čapek hawakuwa wa vyuma hata kidogo. Walitengenezwa kwa mada iliyofanana na nyama, wakawa na sura ya watu, hata mgeni aliyetembelea kiwanda alishindwa kumtambua yupi mtu na yupi roboti. Sarufi ya Kicheki iliwatambua hivyo pia. Katika lugha hiyo nomino za jinsi ya kiume hugawanyika kuwa za wenye uhai na zisizo na uhai, na wingi wake hutofautiana. Roboti, lililo katika jina la tamthilia, ni wingi wa wenye uhai. Wingi wa vitu ni roboty. Wacheki wa leo hutumia yote mawili kulingana na kinachosemwa. Kwa sadfa, neno letu, lililopata irabu ya mwisho kwa desturi ya utohoaji, limefanana herufi kwa herufi na ule wingi wa wenye uhai. Kwa hiyo shaka ya kuandika "anabeba" au "inabeba" haikuletwa na uzembe wa Waswahili. Imo katika neno lenyewe tangu siku ya kwanza.

Sasa tuingie ghalani. Mtambo wa kwanza wa kuhamisha mali bila dereva haukuitwa roboti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Barrett Electronics ya jimbo la Illinois, Marekani, ililigeuza gari la kukokota ili lifuate waya katika ghala la vyakula. Waya huo ulitundikwa juu. Baadaye ikawa kawaida kuufukia sakafuni. Umeme upitao katika waya hufanya uga wa sumaku, na koili zilizo chini ya gari huuhisi uga huo, hivyo gari likienda kando husukani hurekebishwa lirudi njiani. Mwaka 1974 kampuni ya Volvo ilifungua kiwanda mjini Kalmar, Uswidi, ambamo magari ya namna hii yalichukua motokaa zilizokuwa zikiundwa, yakizipeleka kutoka kikundi kimoja cha mafundi hadi kingine. Mtambo huu hauchagui kitu. Waya ukihamishwa nao huhama, na kitu kikiwekwa njiani husimama ukangoja. Tungependelea uitwe gari la kufuata waya, au gari elekezwa pale ambapo alama za sakafuni zimechukua nafasi ya waya. Jina "gari lisilo na dereva", ambalo huonekana katika tafsiri nyingine, hutaja kile ambacho gari halina, na siku hizi huchanganywa na motokaa zinazojiendesha barabarani.

Mtambo wa pili haukutoka katika ukoo wa gari. Mwaka 1962 kampuni ya Demag ilijenga ghala refu la rafu kwa ajili ya Bertelsmann, wachapishaji wa vitabu wa Gütersloh, Ujerumani. Rafu zilipanda kwenda juu yapata mita 20, na katikati ya safu zake ilipita kreni iliyosimama juu ya reli, ikiinua na kushusha mizigo kwa amri ya mtambo wa kuongozea. Mtambo huu waweza kuitwa kreni ya rafu bila kumtatiza mtu yeyote aliyewahi kufika bandarini. Udhaifu wake ni kwamba kreni ikiharibika, mali yote ya ujia ule hufungwa nayo, na ghala likishajengwa haliwezi kupanuliwa kwa urahisi.

Roboti ya ghalani tuijuayo leo ilitokana na biashara iliyofilisika. Kampuni ya Webvan ya Marekani iliuza vyakula kwa njia ya intaneti, ikajenga maghala makubwa yenye mikanda ya kuchukulia mizigo, na mwaka 2001 ikaanguka. Mmoja wa waliofanya kazi humo, Mick Mountz, aliona kwamba gharama ya kukusanya vitu vidogo vidogo vya kila mteja ndiyo iliyokula faida. Katika ghala la kawaida mkusanyaji hutembea kutwa nzima, na sehemu kubwa ya mshahara wake hulipia miguu. Mountz akageuza swali: badala ya mtu kuiendea rafu, kwa nini rafu isimwendee mtu? Mwaka 2003 alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Kiva Systems, akishirikiana na Peter Wurman, mtaalamu wa kompyuta, na Raffaello D'Andrea, mtaalamu wa uongozaji wa mitambo.

Mtambo waliouunda ni mfupi, haufiki goti la mtu mzima kwa mengi, nao hupita chini ya rafu. Sakafuni zimebandikwa alama za miraba kwa mpango wa gridi. Kamera iliyo chini ya roboti husoma alama moja baada ya nyingine na kujua ilipo. Ikifika chini ya rafu inayotakiwa, hujizungusha huku skrubu yake kubwa ikiinuka, hata rafu ikaachana na sakafu kwa sentimita chache bila yenyewe kugeuka. Ya namna ndogo huinua yapata kilo 450. Kisha huipeleka rafu kwenye kituo ambapo mtu amesimama, rafu hujipanga foleni pamoja na nyingine, na mtu huchukua kitu alichoonyeshwa na kukitia katika kasha la mteja. Programu hugawa kazi na kupanga njia ili roboti zisigongane. Jambo lililotupendeza kuliko yote katika mpango huo ni kwamba rafu hairudi lazima mahali ilipotoka. Zenye bidhaa zinazotakiwa sana huachwa karibu na vituo, zenye bidhaa zinazolala husogezwa nyuma, na hivyo ghala hujipanga upya lenyewe kila siku pasipo mtunza ghala kutoa amri.

Mwaka 2012 Amazon iliinunua Kiva kwa dola milioni 775, na baadaye ikaacha kuwauzia wengine mitambo hiyo. Wateja walioachwa walilazimika kutafuta au kuunda yao, na kwa njia hiyo kampuni nyingi za aina hiyo zikatokea Marekani, China na India. Mwezi Julai 2025 Amazon ilitangaza kwamba roboti zilizowekwa katika maghala yake zilikuwa zimefika 1,000,000. Huko Norway lilichukuliwa wazo jingine, la makasha yaliyopangwa moja juu ya jingine bila ujia kati yake, na roboti kupita juu ya reli za gridi zikiyavuta kama mtu atekaye maji kisimani. Uingereza kampuni ya Ocado ilitumia mpango unaofanana na huo, na mwezi Februari 2019 ghala lake la Andover liliungua baada ya hitilafu kutokea mahali roboti ilipokuwa ikichajiwa betri. Tunataja moto huo kwa sababu mkaguzi wa zimamoto akisoma katika hati neno "roboti" peke yake, hawezi kujua kama atakuta sakafu tupu yenye rafu zinazotembea au mlima wa makasha yaliyobanana. Hati zitaje aina.

Kwa kazi zenyewe hatuna haja ya kubuni mengi. Watunza bohari wetu wamekuwa wakipokea, wakiweka, wakitoa na kuhesabu mali tangu zamani, na uwekaji na utoaji yatosha kabisa. Wako wanaopendekeza kuopoa badala ya kutoa. Lakini kuopoa ni kukitoa kitu kilichozama au kilichonasa, na ghala ambalo mali yake huopolewa ni ghala lenye kasoro. Rafu inayobebwa na iitwe rafu hamishi. Vijisehemu vyake twaweza kuviita vishubaka, jina ambalo watu wa nyumba za mawe watalielewa papo hapo.

Neno linalotushinda ni la mtu aliyesimama kituoni. Kiswahili ni tajiri wa majina ya wabebaji. Tunaye mpagazi wa misafara, hamali wa mikokoteni, kuli wa gatini, mchukuzi wa stesheni. Kila moja lilitaja mtu kwa mzigo aliouchukua na njia aliyopita. Mtu wa kituoni hachukui mzigo mahali popote na wala hapiti njia yoyote. Husimama, huinama, hunyosha mkono, huku rafu zikija mbele yake kwa mwendo uliopangwa na programu. Mwaka 2020 waandishi wa habari wa Reveal, Marekani, walichapisha takwimu za ndani za Amazon za tangu 2016 hadi 2019, zilizoonyesha kwamba maghala yenye roboti yalikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha majeraha mabaya kuliko yale yasiyo nazo. Kampuni ilikataa maelezo yaliyotolewa juu ya takwimu hizo. Hata hivyo, mfasiri anayeliita ghala kama hilo "ghala linalojiendesha lenyewe" amemfuta mtu huyo katika ukurasa kabla mkaguzi wa kazi hajafika. Tungeandika "ghala la mitambo inayojiongoza". Mtu mwenyewe tungemwita mkusanyaji, mpaka wafanyakazi watakapotupatia jina lao, kama walivyofanya wale wa mashamba ya mkonge waliojiita na kuitwa manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba.

Turudi kwenye upatanisho. Mwenye kufasiri tamthilia ya Čapek na aandike "roboti wanaasi", maana sarufi ya mwandishi inamtaka afanye hivyo. Waandishi wa hadithi nao wana ruhusa ambayo masimulizi yetu yaliwapa zamani, ya kulipa uhai hata jiwe. Lakini mtambo ulioingia ghalani haukutoka katika ukoo wa viumbe wa Čapek. Ukoo wake ni gari la kukokota na kreni, na jina la roboti uliazima baadaye. Kwa hiyo katika hati za serikali, mikataba, vitabu vya mafunzo na taarifa za usalama tunashauri roboti iwe katika ngeli ya I-ZI: roboti hii inabeba, roboti hizi zinabeba. Umbo maroboti, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia, tunaona halina faida.

Shauri hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, Tanzania ilipobadili sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu kwa mitambo yake, na mtambo hauwezi kuwa mtuhumiwa. Tulinganishe sentensi mbili: "Roboti alimgonga mkusanyaji alipokuwa akipita" na "Roboti iliyokuwa ikiendeshwa ilimgonga mkusanyaji alipokuwa akipita." Katika ya kwanza mtendaji amepatikana na jambo limekwisha, tena hatujui hata ni nani aliyekuwa akipita kati ya wawili hao. Katika ya pili anayepita ni mkusanyaji peke yake, na msomaji huuliza papo hapo ilikuwa ikiendeshwa na nani, kwa idhini ya nani, na kwa nini mtu aliruhusiwa kuingia katika eneo lake ikiwa ingali katika mwendo.